Reli ya South Nyanza Ilikuwa Inaelea

Kila nikiweka picha ya reli yangu ndogo hapa, lazima mtu mmoja aandike chini yake: "Wacha kudanganya watu bana, Homa Bay haijawahi kuwa na reli." Kisha mwingine wa Migori anadakia, ati si haijawahi tu, tulinyimwa. Baada ya hapo siasa inaanza, majina ya marais yanatajwa mmoja mmoja, na picha yangu inasahaulika kabisa.

Sasa leo nijibu mara moja, nijibu kwa urefu, ndiyo nikiulizwa tena niwe natuma tu hii.

Ni kweli. Kutoka daraja la Sondu hadi Isebania, treni haijawahi kupita. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, tarehe 20 Desemba 1901. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 tawi likajengwa kwenda Butere, yaani likaelekea kaskazini. Upande wetu, South Nyanza ya zamani, ambayo leo ni Homa Bay na Migori, hakuna hata kilomita moja. Hapo sina ubishi na mtu.

Ubishi wangu uko kwa hilo neno "tulinyimwa". Mimi naona tulikuwa na reli, na tuliipoteza kabla hatujajua kwamba ni reli. Hili sikulipata darasani. Nililipata nikipima kadibodi na rula, nikipanga reli ya kuchezea. Na wale mnaosema hii ni michezo ya watoto wa matajiri, tulieni kidogo, mtaona inatupeleka wapi.

Tuanze na upana, kwa sababu mtu akishaelewa upana ameelewa nusu ya historia ya reli Afrika. Reli nyingi za Ulaya na Marekani, na hii SGR yetu, zina upana wa milimita 1,435 kati ya chuma na chuma. Reli yoyote iliyo chini ya hapo inaitwa nyembamba. Ile ya zamani ya Mombasa hadi Kisumu ni ya milimita 1,000, mita moja kamili. Hiyo mita ilitoka India. Mafundi na vibarua wengi walitoka kule, kwa hivyo kipimo nacho kikatoka kule. Vibarua waliokuja kutoka India walikuwa karibu 32,000, na karibu 2,500 kati yao walifia kazini. Kumbuka hiyo hesabu ukiona mtu akiiita reli ya mita "ile ndogo".

Na kabla ya hiyo kulikuwa na nyembamba zaidi. Mwaka 1890 kampuni ya Waingereza iliyotawala huku kabla ya serikali yao ilianza kutandika reli ya upana wa futi mbili, milimita 610 hivi, kutoka Mombasa kuelekea bara. Waliipa jina kubwa sana, Reli ya Afrika ya Kati. Haikufika popote. Ilienda maili chache tu ikang'olewa, na vyuma vyake vikatumika kisiwani Mombasa kwa vitroli. Mzungu anakaa chini ya kivuli cha turubai, Waafrika wanamsukuma kwa mikono hadi ofisini. Hiyo ndiyo reli iliyoahidiwa kufika ziwa letu! Nikipata nafasi siku moja nitaijenga hiyo, troli moja na mita moja ya reli, iwekwe juu ya kabati.

Zanzibar nao walikuwa na yao ya futi tatu, kutoka mjini hadi Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Wamarekani karibu mwaka 1905. Kule Tanga Wajerumani walijenga ya milimita 750 kupanda milima ya Usambara hadi Sigi, ikipanda kwa zigizaga, treni inaenda mbele halafu inarudi kinyumenyume ndiyo ipate kimo. Mashamba ya mkonge yakatandika za milimita 600, vyuma vyepesi ambavyo watu wachache wangeweza kubeba na kuhamisha. Kwa hivyo East Africa ni nchi ya reli nyembamba, na anayetaka kujenga modeli ya reli nyembamba hana haja ya kuiga Uswisi.

Tena wakubwa kuliko wote walikuwa wetu. Mwaka 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kilituletea vichwa 34 vya daraja la 59, vilivyopewa majina ya milima. Hivyo ndivyo vilikuwa vichwa vya moshi vyenye nguvu zaidi duniani kwa reli ya mita. Uzito ni karibu tani 252, urefu karibu mita 32. Viwili bado viko Nairobi kwenye Makumbusho ya Reli. Kimoja, Mount Gelai, unaweza kukishika kwa mkono. Nenda ukakishike. Picha haikuambii kitu.

Haya, modeli. Kuna Mskoti mmoja wa Edinburgh, P. D. Hancock, ambaye baada ya Vita Kuu ya Pili alijenga reli nyembamba ndogo aliyoiita Craig and Mertonford. Hiyo reli haikuwahi kuwepo popote. Miji yake aliibuni, kampuni aliibuni. Lakini kila jiwe na kila kibanda kilikuwa na sababu: hapa kuna machimbo, hapa kuna bandari, mzigo unatoka hapa unaenda pale. Watu waliomfuata walijifunza kwamba reli ya kubuni ndiyo ngumu kuliko zote. Ukinakili Kisumu unanakili tu. Ukibuni, lazima kila swali alilojiuliza injinia ujiulize wewe: nani atalipa, mzigo gani, kilima utakipandaje, maji ya injini yatatoka wapi.

Basi mimi nikaamua kuwapa watu wa nyumbani ile reli wanayosema tulinyimwa. Nikachukua ramani, nikachora mstari kutoka Kisumu, Ahero, Sondu, Oyugis, Kisii, Rongo, Awendo, Migori, hadi mpakani Isebania. Ni mstari mzuri sana kwa karatasi.

Shida ilianza na hesabu. Ziwa liko mita 1,134 juu ya bahari. Kisii mjini ni karibu mita 1,700. Tofauti ni kama mita 566. Treni ya reli ya mita, ikiwa na mzigo, haitaki mwinuko wa zaidi ya mita 2 kwa kila mita 100. Piga hesabu: inahitaji zaidi ya kilomita 28 za kupanda mfululizo bila kupumzika hata kwa stesheni. Na huwezi kupanda wima kama matatu ya Kisii. Lazima uzungukezunguke vilima, ukate udongo, ujaze mabonde, uvuke Sondu na Awach na Kuja. Kwa modeli ni vilevile tu. Kupandisha treni yako ndogo sentimita 5, kwa mwinuko huohuo, unahitaji mita mbili na nusu za reli. Chumba changu hakina hiyo nafasi. Bajeti ya serikali ya koloni haikuwa nayo pia.

Waliposhuka kutoka Mau kwenda Kisumu walishaona uchungu wa milima. Pale peke yake ilibidi yawekwe madaraja marefu ya chuma 27, yaliyotengenezwa Marekani na kuletwa vipande vipande, na mafundi Wamarekani wakaja kuyaunganisha. Sasa jiweke kwa kiti cha meneja wa reli. Umemaliza pesa, umefika ziwani. Mbele yako kuna ghuba tambarare kabisa, haina mwinuko wa hata sentimita moja, haihitaji taruma wala kokoto wala daraja, na inafika Kendu Bay, Homa Bay, Mfangano, Karungu hadi Muhuru. Bure. Wewe ungefanya nini?

Hapo ndipo nilipoacha ule mstari wangu. Nikaanza kusoma meli.

Watu hawajui kwamba meli za ziwa zilikuwa za reli. Si kwa mfano, zilikuwa zao kwa karatasi. Uganda Railway ndiyo iliyokuwa na meli, kisha shirika la reli na bandari la Kenya na Uganda, kisha la East Africa nzima, na baada ya Jumuiya kuvunjika 1977, Kenya Railways. Bosi wa treni na bosi wa meli alikuwa mmoja. Gunia la pamba likipakiwa Homa Bay lilikuwa tayari limeingia kwa reli, ila tu behewa lake la kwanza lilikuwa na bomba la moshi na nanga.

Na sasa sikia hii, ndiyo sababu nasema hobi yangu inahusika. Zile meli zilikuja kama modeli. SS William Mackinnon iliundwa Paisley, Scotland, na Bow, McLachlan. Vipande vyote vikatiwa alama, vikafunguliwa, vikapakiwa kwa masanduku, vikapelekwa Mombasa. Reli ilikuwa bado haijafika ziwani, kwa hivyo sehemu ya safari vilibebwa kwa vichwa na wapagazi. Ilitiwa majini Kisumu mwaka 1900, zaidi ya mwaka mzima kabla treni ya kwanza kufika. Winifred, Sybil, Clement Hill, Usoga na Rusinga zilifuata kwa njia hiyohiyo kabla na kufikia 1914. Hata Victoria, ile meli nyeupe nzuri ya 1961, ililetwa kwa vipande na kuunganishwa Kisumu. Kipande namba fulani kinaingia kwa kipande namba fulani, piga ribiti, songa mbele. Yeyote aliyewahi kununua ndege ya plastiki ya kuunganisha, na akapoteza kipande kimoja chini ya kitanda, ajiulize mafundi wa Kisumu walilala vipi.

Katikati ya miaka ya 1960 zikaja Umoja na Uhuru, na hizi zilikuwa na reli juu ya sitaha. Behewa linatoka Nairobi, linafika Kisumu, linasukumwa moja kwa moja ndani ya meli, linashuka Mwanza au Port Bell kwa reli nyingine, mzigo haujaguswa. Ukitaka picha moja ya kuthibitisha kwamba ziwa lilikuwa sehemu ya reli, ndiyo hiyo.

Bandari zetu ndogo hazikupata hizo. Kwetu mzigo ulipandishwa kwa mabega. Hapa ndipo hasira yenu ina haki, na mimi niko nanyi: tulikuwa mwisho wa mstari, daraja la tatu. Lakini mwisho wa mstari bado ni mstari. Nyanya yangu, aliyezaliwa upande wa Kendu Bay, hasemi "meli" kama mtu anayesimulia ajabu. Anaongea kama sisi tunavyosema "stage". Meli ilikuwa na saa zake. Ulienda gati na kuku wako, na samaki, na barua ya ndugu aliyeko Nairobi kwa kazi. Nilimuuliza kama walitamani treni. Akaniangalia tu. "Treni ya kufanya nini, nyakwara, na meli ilikuwa inatuwekea watu Kisumu, wanapanda treni?"

Nyakwara ni mjukuu, kwa wasiojua Kijaluo. Na hilo jibu lake ndilo insha nzima, ningeweza kuishia hapa.

Lakini kuna sehemu ya kuudhi. Hiyo reli ya majini haikufungwa siku moja na bendera kushushwa. Ilikufa kidogo kidogo, na ndiyo maana hakuna aliyeililia. Jumuiya ilipovunjika meli ziligawanywa, Victoria ikaenda Tanzania. Barabara ya lami ikaja, na lori haingoji saa ya meli. Kisha gugumaji likaingia ziwani na katika miaka ya 1990 likafunika ghuba ya Winam, kuna siku hata mtumbwi ulishindwa kutoka. Safari za meli za reli kwenda Kendu Bay na Homa Bay, zilizokuwepo bado miaka ya 1980, zikapungua, zikaisha. Mwaka 2006 reli yenyewe ikapewa kampuni binafsi iiendeshe, mkataba ukavunjwa 2017, na Uhuru ikakaa Kisumu miaka mingi bila kusafiri hadi ilipoamshwa Desemba 2019 kubeba mafuta kwenda Uganda. Treni ya abiria ya Kisumu ikarudi mwishoni mwa 2021, kwa reli ileile ya mita. Watu walishangilia, na mimi nilishangilia. Lakini huku kwetu hakuna aliyeuliza ile nusu nyingine ya tikiti iko wapi.

Ndiyo sababu neno "tulinyimwa" linanikera. Kama ulinyimwa, unaomba upewe. Unangoja ahadi ya SGR kwa kila kampeni, kilomita kwa kilomita, bilioni kwa bilioni. Kama ulikuwa nacho kikapotea, unauliza swali tofauti kabisa: gati lirudishwe na meli ya saa maalum iwekwe, ni pesa ngapi ukilinganisha na madaraja ya kupanda Kisii? Mimi si injinia wala si mwanasiasa. Lakini nimepima huo mlima kwa rula, na najua ni upande gani ulio tambarare.

Sasa turudi kwa modeli, kwa sababu wale watatu wanaonifuata kwa ajili ya gundi na kadibodi wamevumilia sana.

Nimechagua kipimo cha 1 kwa 50. Hapo reli ya milimita 600, ile ya mashamba ya mkonge, inakuwa milimita 12 kamili. Uzuri wa nyembamba ni kona. Reli kubwa inataka kona pana, ambayo kwa kipimo hiki ingetoka kwa dirisha la chumba changu. Ya 600 inaweza kupinda kwa nusu kipenyo cha mita 20, na hiyo kwangu ni sentimita 40. Ubao wangu ni mita 2.4 kwa sentimita 60, plaiwudi ya kabati la zamani. Kilomita 30 za kutoka Homa Bay hadi Rongo, kwa kipimo hiki, zingekuwa mita 600, kwa hivyo nimekata katikati yote. Kuna gati upande wa kushoto, Got Asego nyuma yake, pembe ya Rodi Kopany, halafu kona inaingia kwa miwa na kupotea.

Miwa, ndiyo. Hiki ndicho kipande changu cha kubuni. Kiwanda cha sukari cha Awendo kilianzishwa miaka ya 1970, kikaanza kusaga 1979, na tangu siku hiyo miwa inabebwa na trekta na trela, ikimwagika njiani, watoto wakiokota. Kule Queensland, Australia, miwa inabebwa kwa treni ndogo za milimita 610 kwa mtandao wa kilomita karibu 4,000, hadi leo. Fiji pia. Kwa hivyo reli yangu inauliza swali moja tu: ingekuwaje kama Awendo ingeanzishwa na watu wa mkonge wa Tanga? Sukari inashuka kwa treni ndogo hadi gati, inaingia melini, inakutana na reli ya mita Kisumu. Hakuna kilima cha Kisii hapo. Nimekwepa.

Reli natumia spoku za baiskeli. Spoku ni milimita 2, ambayo kwa kipimo hiki ni chuma cha sentimita 10, kinene kuliko cha kweli, lakini fundi wa baiskeli wa stage hunipa zilizopinda bila malipo, na ukizipaka rangi ya kutu jicho linasamehe. Mataruma ni njiti za aiskrimu zilizopasuliwa. Mota imetoka kwa DVD player iliyokufa. Vilima ni magazeti na plasta. Ukuta wa kushikilia udongo wa reli nimeupanga kwa mawe madogo bila saruji, kwa mtindo wa Thimlich Ohinga kule Migori, ambazo UNESCO iliziweka kwenye orodha ya urithi wa dunia 2018. Kama zile kuta zimesimama karne zote hizo bila udongo wa kushikiza, zinaweza kubeba treni yangu ya gramu 200. Inachosha vidole vibaya sana, sitawaficha.

Ziwa ni kipande cha glasi kilichopakwa rangi kwa chini. Hapo nilikwama wiki mbili nikiamua maji yafike wapi, kwa maana 2020 ziwa lilipanda likameza fuo na vibanda, na ramani ya 1960 ina ufuo tofauti na ule ninaouona nikitoka nje. Nimechagua 1960, kabla ya gugumaji. Kiwanda cha Awendo hapo kinakuwa kimewahi karibu miaka ishirini, wanaojua historia wataniandama, karibuni.

Kilichobaki ni meli. Nataka Rusinga, na naijenga kama walivyojenga wao: nakata vipande vyote vya kadibodi kwanza, naviandika namba kwa penseli, naviweka kwa bahasha, ndipo naanza kuunganisha. Mpaka jana nimefika kipande cha 61. Bomba la moshi litakuwa kofia ya kalamu. Kwa sitaha naweka magunia ya pamba, kreti za soda, kuku wawili, na mwanamke mmoja ameshika barua.